Barua ya wazi: tupimieni na kile kinachobaki lamboni

Kwa Waziri wa Kilimo, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa Wizara ya Maji na wenzetu wa bonde la Wami/Ruvu, na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mbukwenyi waheshimiwa, na shikamooni wote mlionizidi umri.

Mimi ni mkulima wa upande wa Hombolo hapa Dodoma, nina eka moja na nusu ya zabibu na kipande cha mtama na alizeti, na ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu, huu mwaka wa sita. Naandika kwa simu usiku watoto wakiwa wamelala, sentensi zikiwa ndefu mnivumilie, nimeandika na kufuta mara nyingi mpaka nimeona bora niiache ilivyo.

Nataka kuongea habari ya dawa ya majani. Nyie kwenye makaratasi mnaiita kiuagugu, huku kwetu ni dawa ya majani au raundapu, hata kopo likiwa na jina lingine kabisa mtu akifika duka la pembejeo atasema nipe raundapu na atapewa lile lililopo. Ndani ya mengi ya hayo makopo kitu ni kile kile, glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Sina ugomvi nayo jamani, naomba hilo lieleweke mapema. Mwaka niliofiwa na mume wangu nisingevuna hata debe bila hiyo dawa, maana palizi ya jembe la mkono ni mgongo na vibarua wanataka hela taslimu, na mjane mwenye watoto wanne hela taslimu anaitoa wapi.

Sasa siku ya kwanza nanunua, muuzaji aliniambia maneno ambayo nimeyasikia tena na tena mpaka leo: "Mama wala usiogope, hii ikigusa udongo imekufa." Bwana shamba naye aliniambia hivyo hivyo. Na mimi nikaja kuwaambia wenzangu kwenye mkutano wa maji, nimesimama mbele yao nikiwa katibu, mtu aliyeaminiwa, nikasema ikigusa udongo imekufa. Hilo ndo linaniuma kuliko yote na ndo limenifanya niandike.

Maana maneno yale ni ukweli nusu. Glaifoseti ikianguka chini inashikwa na chembe za udongo, nguvu ya kuua majani inaisha, ndo maana unaweza ukapanda baada ya muda mfupi na mbegu ikaota vizuri. Baada ya hapo bakteria wa udongoni wanaanza kuikata vipande. Kipande kikubwa kinachobaki kinaitwa AMPA, jina lake refu ni asidi ya aminomethilifosfoniki, na hicho kinakaa udongoni muda mrefu kuliko dawa yenyewe iliyokizaa. Kule Marekani watafiti wa serikali walikusanya sampuli zaidi ya 3,700 za maji na za udongo kutoka majimbo 38, kati ya 2001 na 2010, na AMPA ilionekana kwenye zaidi ya nusu, mara nyingi kuliko hata glaifoseti. Kwa hiyo kilichokufa ni nini? Dawa imebadilika jina tu na safari yake bado inaendelea.

Binti yangu wa pili anasoma mambo ya maabara chuoni. Alipokuja likizo nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda ananyamaza, nikamuuliza una nini, akaniambia wamefundishwa kumlisha panya sumu. Akanionyesha kwa mikono: unamshika ngozi ya nyuma ya shingo kwa vidole viwili, mkia unaubana na kidole kidogo, halafu unapitisha sindano ndefu yenye kichwa cha mviringo kama kijipunje, isimchome, inapita kooni mpaka tumboni, unasukuma taratibu. Akasema mama, anakuwa na joto kama kifaranga, na moyo wake unausikia kwenye kidole unavyokimbia. Mimi nimechinja kuku na mbuzi maisha yangu yote, sijawahi kumfikiria panya, lakini siku hiyo nilimfikiria.

Nikamuuliza, na hiyo AMPA, kuna panya waliowahi kulishwa hiyo? Tukakaa usiku tatu kwenye mkeka na bando la wiki likaisha, yeye anasoma Kiingereza ananitafsiria, mimi naandika kwenye daftari la mahudhurio ya kamati.

Wapo. Kuna kipimo cha zamani kilichoanza 1927 cha kutafuta dozi inayoua nusu ya panya. Kwa AMPA imetoka miligramu 8,300 kwa kila kilo ya uzito wa panya, na ukichukua chumvi hii hii ya mezani ni kama 3,000. Sasa mtu anayetaka kutufunga mdomo anaweza akasimama akasema mnaona, hii haina ubaya hata kuifikia chumvi. Lakini kipimo hicho ni cha kufa leo leo. Sisi tunauliza habari ya mtu anayekunywa maji ya lambo moja toka ameachishwa ziwa mpaka anatembea na mkongojo. Na kipimo chenyewe kwa mtindo ule wa zamani kilifutwa kwenye miongozo ya OECD, ule umoja wa nchi tajiri, mwaka 2002, kilikuwa kinaua wanyama wengi mno kwa jibu dogo.

Kuna jaribio lingine la maana zaidi, panya walikula AMPA siku 90, kundi moja miligramu 400 kwa kilo kwa siku, lingine 1,200, lingine 4,800. Wale wa 400 hawakuonyesha shida. Juu ya hapo wakawa hawanenepi inavyotakiwa na utando wa ndani wa kibofu cha mkojo ukaanza kuongezeka unene. Nikapiga hesabu, mtu wa kilo 60 hiyo 400 ni gramu 24 kila siku, na hakuna anayemeza AMPA kiasi hicho, sitaki kudanganya mtu hapa. Sipendi kabisa watu wanaotisha wenzao kwa vitu wasivyovielewa.

Lakini ni siku 90, na panya anaishi miaka miwili au zaidi.

Na hapa ndo nilikaa wima. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa maji ya kunywa wana namba yao, miligramu 0.9 kwa lita, kwa AMPA peke yake au ikiwa pamoja na glaifoseti. Nikamwambia binti nitafutie hiyo namba imetoka wapi. Imetoka kwa panya waliolishwa miezi 26, dozi kubwa kuliko zote kwenye lile jaribio ilikuwa miligramu 32 kwa kilo na haikuwadhuru, ikagawanywa kwa 100 ili mtu awe na nafasi ya usalama, ikabaki kama 0.3. Ukizidisha na kilo 60 za mtu mzima, ukachukua sehemu moja ya kumi ukasema hii ndo itoke kwenye maji maana zingine zinatoka kwenye chakula, ukagawanya kwa lita 2 anazokunywa kwa siku, unapata 0.9. Nimeipiga mwenyewe kwenye simu mara tatu. Ila wale panya wa miezi 26 walilishwa glaifoseti. AMPA hawakulishwa. Namba ya mtoto imeazimwa kwa mama yake.

Wataalamu wana sababu yao na nimeisoma, waliona mtoto hazidi mama kwa sumu, na baadaye mwaka 2004 ile kamati ya mabaki ya viuatilifu ya FAO, shirika la chakula na kilimo, na WHO, hilo hilo la afya, ikapandisha kiwango cha mama na mtoto kwa pamoja mpaka miligramu 1 kwa kilo. Sawa, sina elimu ya kuwabishia. Ila naomba mnielewe kwamba mtoto kumfanana mama siyo lazima, na hili hao hao wataalamu wanalijua. Angalieni atrazini, dawa nyingine ya mahindi. Yenyewe na watoto wake wenye klorini wanavuruga homoni za uzazi za panya, lakini kuna mtoto wake mwingine, haidroksiatrazini, huyo shida yake ni figo, fuwele zinaganda kwenye figo za panya. Ndo maana mwongozo wa maji ukawapa namba mbili tofauti, 0.1 kwa wale na 0.2 kwa huyu. Angepimwa mama peke yake hizo figo zingejulikanaje?

Halafu hizo lita 2. Waheshimiwa nyie mpo hapa hapa Dodoma, kwenye ofisi zenu za Mtumba, jua lake mnaliona. Mtu anayesafisha shamba Oktoba anakunywa lita 2 kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nina kilo 50, siku za kukatia zabibu namaliza dumu la lita 5 na jioni bado nina kiu. Nikarudia ile ile hesabu kwa kilo 50 na lita 5, ikashuka mpaka 0.3, yaani theluthi. Na mtoto wa kilo 10 sijui nani amemuweka kwenye hesabu ya huku kwetu. Tena Ulaya wao wamesema kiuatilifu kimoja kwenye maji ya kunywa kisizidi mikrogramu 0.1 kwa lita, ukilinganisha na hiyo 0.9 ya miligramu ni mara 9,000 chini yake. Najua yao haikutokana na panya, ni msimamo tu kwamba maji yasiwe na vitu hivi. Lakini wao wanapima ndo wanaweza kuwa na msimamo.

Sasa niwaambie lambo letu lilivyo, maana nadhani mwenye kulipanga hili jambo mezani hajawahi kuchota.

Mvua ya kwanza ikinyesha Desemba majani yanachipua ndani ya wiki, watu wanapulizia, halafu mvua ya pili inakuja ile ya kishindo, korongo linajaa kwa nusu saa, na maji yanaingia lamboni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo unaotangulia kubebwa ni ule wa juu kabisa, ule ule uliopuliziwa. Ukichota ndoo jioni ukaifunika, ukaitia shabu au unga wa mbegu za mlonge, asubuhi juu kuna maji unaweza kuona vidole vyako na chini kuna tope la unene wa kidole kimoja, jekundu, laini kama unga wa uji. Tunamimina ya juu taratibu, lile tope tunamwaga pembeni kwenye migomba. Ikiwa haraka, mtoto amechelewa shule, hakuna anayesubiri litulie, anakunywa kama lilivyo. Ng'ombe na mbuzi ndo kabisa, wanaingia mpaka magotini wanakoroga wanakunywa na tope lake.

Na AMPA inapenda udongo, inaushika kama dawa iliyoizaa. Hicho ni kitu kizuri kwa visima virefu kama vya Mzakwe vinavyonywesha mji, udongo unaichuja njiani kabla haijafika chini sana. Lakini kwa sisi wa malambo ni kinyume, maana udongo wenyewe ndo tunaoletewa. Mtaalamu akija Agosti lambo limetulia, akachovya kachupa kwenye maji ya juu yaliyo safi, ataandika hakuna kitu, na atakuwa hajasema uongo. Tope ataliacha chini. Kitu kingine, kina mama tunafulia pale pembeni, na baadhi ya sabuni za unga zina kemikali zinaitwa fosfonati ambazo zikioza nazo zinatoa AMPA, kwa hiyo mkiikuta AMPA msikimbilie kusema mkulima huyo, pimeni na glaifoseti yenyewe sambamba ndo mtajua imetoka shambani au kwenye beseni.

Nilijaribu mwenyewe. Mwaka juzi nilibeba chupa mbili kwenye begi la shule la mwanangu, moja maji na moja tope, nikapanda basi asubuhi mpaka ofisi moja mjini, sitaitaja. Wakaniambia wanapima chumvi, floraidi na vijidudu. Nikauliza na dawa za mashambani? Kijana wa dirishani, mstaarabu tu wala hakunifokea, akaniuliza: "Kwani mama kuna mtu amekufa?" Nikasema hapana. Akasema basi. Nikarudi nazo zile chupa, nikazimwaga chini ya mzabibu.

Lile swali limekaa kichwani mwangu mpaka leo. Kumbe hata sisi binadamu tunapimwa kwa kile kipimo cha 1927.

Sasa mtu anaweza akadhani namalizia kwa kuomba panya wengi zaidi wapitishiwe sindano kooni. Hapana. Msiagize panya wapya kwanza, nawasihi. Wapo waliokwisha kufa kwa ajili ya hili jambo, na walichotuonyesha kimefungiwa kwenye mafaili ya Kiingereza ambayo mkulima wa Hombolo, Bahi au Kongwa hajawahi kuambiwa kama yapo. Kampuni ikija kusajili dawa inaleta faili la majaribio, na sheria ya 2020 iliyounda Mamlaka imewapa nyie kazi ya kusajili na kukataa. Naomba kwenye lile faili mdai na ukurasa wa watoto wa dawa: inaoza kuwa nini, kinachobaki kinakaa muda gani kwenye udongo wenye joto na ukame kama wetu, kimelishwa mnyama gani, siku ngapi, nini kilionekana, na kama hakikulishwa mnyama yeyote basi iandikwe wazi kwamba namba imeazimwa kwa mama. Halafu muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ofisi ya kata na duka la pembejeo.

Na mkilipokea hilo faili mlikague. Sisemi kwa kumtuhumu mtu, nasema kwa sababu limeshatokea. Karibu na Chicago kulikuwa na maabara kubwa inaitwa Industrial Bio-Test, iliyopimia kampuni nyingi viuatilifu na dawa, glaifoseti ikiwemo. Mwaka 1976 mkaguzi wa serikali anaitwa Adrian Gross alifungua makaratasi yao akaona hayaendi. Kwenye chumba kimoja mabomba ya kunyweshea yalikuwa yanavuja panya wanalowa wanakufa, wengine wanaoza kabla hawajachunguzwa, na ripoti zinaandikwa vizuri tu. Mwaka 1983 viongozi watatu wa maabara wakatiwa hatiani. Majaribio mengi ikabidi yarudiwe, na kurudia maana yake panya wengine. Mnaona? Kazi mbovu iliwaua wale wanyama bure, halafu ikaua na wenzao. Ndo zikaja zile kanuni za utendaji bora wa maabara ambazo OECD walizipitisha 1981. Na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mnyama akishateswa kwa ajili yetu heshima ndogo tunayoweza kumpa ni kuyasoma majibu yake vizuri, na kutomrudia mwenzake kwa swali lililokwisha kujibiwa.

Kinachokosekana kwa sasa hakihitaji panya hata mmoja. Kinahitaji chupa, gari, na fundi wa Mkemia Mkuu mwenye mashine ya kusoma glaifoseti na AMPA, aje mvua ya kishindo ikishapita, achukue maji ya juu, maji yaliyokorogwa, na tope la chini, arudi tena Agosti achukue vile vile. Kwenye lambo letu na mengine machache ya Chamwino na Bahi, na kisima kimoja kirefu cha kulinganishia. Majibu yakija madogo, mikrogramu chache, mimi katibu nitasimama kwenye mkutano niwaambie watu kunyweni, na nitakuwa na karatasi mkononi safari hii. Yakija makubwa, hapo ndo mkae muulizane kama siku 90 zinatosha au lile jaribio refu la AMPA lifanywe, lifanywe mara moja, vizuri, na majibu yawe wazi kwa nchi zote ili asiwepo mwingine wa kulirudia. Lakini kuanza na mnyama kabla ya kupima maji ni kumtesa kiumbe kwa dozi ambayo hatujui kama tunaifikia.

Wauzaji nao naomba waambiwe waache yale maneno ya ikigusa udongo imekufa. Waseme inaisha nguvu ya kuua majani, mabaki yake yanakaa, usipulizie mvua ikiwa imetanda, acha ukanda wa majani kati ya shamba na korongo, usisuuzie bomba la kupulizia lamboni. Ni maneno yale yale ya dakika moja, bei ya kopo haibadiliki.

Sisi kamati tumeshaacha ukanda wa hatua 30 upande wa juu wa lambo, hakuna anayelima wala kupulizia pale, tumekubaliana kwenye mkutano na faini ni kuku. Wenye mashamba wawili walinuna, mmoja ni mjomba wangu, lakini wameacha. Kijiti cha kupimia kina cha maji kipo katikati ya lambo, na vijana wawili wanaojua kuogelea wameshasema watazama kuchukua tope popote mtakapotaka. Mtendaji wa kata ana namba ya mwenyekiti wetu. Mkija mpigieni hata siku moja kabla, ili tuwazuie ng'ombe wasikoroge asubuhi hiyo.